Sura ya Sita: Fito za Mwaka Mmoja

Yapata mwaka 160 kabla ya Kristo, Mrumi mmoja mzee, Marcus Porcius Cato, aliandika kitabu cha kilimo kwa ajili ya mtu anayetafuta shamba la kununua. Katika kurasa za mwanzo tu anaipanga ardhi kwa thamani yake, daraja tisa. Daraja la kwanza ni mizabibu, iwapo divai yake ni nzuri na nyingi. La pili ni bustani yenye maji. La tatu ni shamba la mierebi. Mizeituni inafuata nyuma yake, kisha malisho, na ngano, chakula cha dola nzima, imewekwa daraja la sita.

Cato alikuwa mtu wa hesabu. Katika kitabu hichohicho anamshauri mwenye shamba auze ng'ombe aliyezeeka na mtumwa aliyezeeka, na mtu wa roho hiyo hawezi kuupandisha mti cheo kwa sababu ya uzuri wa majani yake. Mwerebi hauna tunda la kuliwa. Mbao zake ni laini, kuni zake hazidumu jikoni. Lakini ile mizabibu ya daraja la kwanza ilifungwa kwenye nguzo kwa vifito vya mwerebi. Zabibu zilipoiva zilibebwa kwa vikapu vya mwerebi. Zeituni nazo zilikwenda shinikizoni kwa vikapu vya namna hiyohiyo. Mkulima aliyekosa fito alikuwa na mazao asiyoweza kuyafunga wala kuyabeba, na Cato alilijua hilo vizuri kuliko wengi wetu tunaonunua ndoo na mifuko bila kufikiri vinatoka wapi.

Jamii ya mierebi, ambayo wataalamu wa mimea huiita Salix, ina aina 400 hivi, nyingi zikiwa za nchi za baridi. Karibu na ncha ya kaskazini ya dunia iko mierebi ambayo haizidi urefu wa kidole cha mtu, inatambaa chini ya upepo. Ulaya ya kati iko inayopita mita 20. Afrika nayo ina wa kwake, Salix mucronata, unaoota kandokando ya mito tangu Misri na Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Majani ya mwerebi yalikutwa yameshonwa katika mashada yaliyowekwa juu ya majeneza ya Tutankhamun, mfalme wa Misri ambaye kaburi lake liligunduliwa mwaka 1922. Jina lenyewe la mti huu wasomaji wengi wa Kiswahili wamelikuta katika Biblia, pale Mambo ya Walawi sura ya 23 inapoagiza mierebi ya vijitoni iwe miongoni mwa matawi ya Sikukuu ya Vibanda. Wayahudi wanaishika mikononi katika sikukuu hiyo hadi leo.

Sasa, ukienda ukauangalia mwerebi ulioachwa ukue upendavyo, hutaona kitu cha kumvutia msusi. Utaona shina nene, mara nyingi lenye uwazi ndani, na matawi yaliyopinda huku na huku, yenye mafundo, mengine yakikatika kwa upepo mdogo. Ufito mwororo, mrefu, ulionyooka, unaoweza kuzungushwa kidoleni bila kuvunjika, haupatikani kwenye mti ule. Unapatikana pale ambapo binadamu ameukata mti hadi kisikini.

Hapo ndipo lilipo jambo lote. Mwerebi ukikatwa wakati wa baridi, majani yakiwa yamepukutika, mizizi inabaki na akiba yote ya chakula cha mti mzima. Jua la masika likirudi, akiba hiyo inasukumwa juu kwa nguvu, na kisiki kinatoa machipukizi mengi kwa pamoja. Kwa kuwa yamesongamana, kila chipukizi linakimbilia mwanga, halina nafasi wala sababu ya kutoa vitawi vya pembeni. Kufikia mwisho wa kiangazi kimoja ufito umefika mita 2, na aina nyingine hufika 3. Ni mwembamba, una kiini kidogo katikati, na nyuzi za mbao yake zinapita moja kwa moja tangu chini hadi ncha. Uache mwaka wa pili na tayari umeanza kugawanyika na kukakamaa. Utafaa kwa mpini wa kikapu au fremu ya kiti, si kwa kusukia. Ulaini unaosifiwa ni wa mwaka mmoja, na ni mkono wa mtu unaourudisha kila mwaka.

Kupanda ni rahisi mno. Mkulima anachukua kipande cha ufito cha sentimeta 30 hivi na kukichomeka ardhini, kama tunavyopanda pingili za muhogo, na ndani ya majuma machache kinatoa mizizi. Mavuno mazuri huanza mwaka wa tatu, na shamba likitunzwa huendelea kuvunwa kwa miaka 25 au 30 kutoka kwenye visiki vilevile.

Mahali pa kuyaona haya yakifanyika kwa ukamilifu ni Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kuna tambarare pale iliyokaribiana kabisa na usawa wa bahari, inapitiwa na mito ya Parrett na Tone, na wakati wa baridi maji hupanda na kuyafunika mashamba. Mwisho wa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 mafuriko yalikaa kwa majuma mengi, malisho yakaoza, watu wakapita vijijini kwa mashua. Mwerebi ni miongoni mwa mimea michache inayostahimili kusimama ndani ya maji namna hiyo, na ndiyo sababu ukulima wake uliota mizizi kule ambako ngano isingevumilia. Wakazi wa zamani walilitambua mapema. Mwaka 1892 mwanafunzi wa udaktari, Arthur Bulleid, aligundua karibu na mji wa Glastonbury mabaki ya kijiji kilichojengwa juu ya kinamasi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na katika matope yasiyopitisha hewa vilikutwa vipande vya vikapu na kuta za fito zilizosukwa.

Mwaka wa mkulima wa mierebi huanza Novemba. Majani yakishaanguka, fito zinakatwa chini kabisa, zamani kwa mundu mzito, siku hizi mara nyingi kwa mashine, na kazi inaendelea mpaka Machi. Fito zinafungwa matita. Kisha zinapangwa kwa urefu, na njia iliyotumika kwa vizazi vingi ilikuwa hii: tita linasimamishwa ndani ya pipa lililofukiwa ardhini, pembeni kuna kijiti cha kupimia, na mpangaji anazichomoa zile ndefu kwanza, halafu zinazofuata, halafu zinazofuata, akizitenga kwa futi. Mtu aliyezoea huchomoa kwa mkupuo mmoja fito za kimo kimoja.

Baada ya hapo njia zinagawanyika mara tatu, na rangi ya kikapu chochote cha mwerebi utakachokiona itakuambia ufito ulipita njia ipi. Ukikaushwa na gome lake, unakuwa wa kahawia, au kijani kibichi, au karibu na weusi kufuatana na aina. Aina inayopendwa kuliko zote Somerset inaitwa Black Maul. Njia ya pili ni kuzichemsha fito na magome yake ndani ya tangi kubwa kwa saa nane au zaidi. Tanini iliyomo katika gome inaingia ndani ya mbao, na gome likibambuliwa ufito unatoka na rangi ya dhahabu iliyoiva. Njia ya tatu ndiyo ya subira. Fito zilizokatwa zinasimamishwa katika bwawa lenye maji kidogo, zikae humo tangu baridi mpaka masika, zikijidhania bado ni miti. Utomvu unapanda, machipukizi yanatokeza, na kwa muda mfupi gome linalegea kutoka kwenye mbao. Hapo linabambuliwa na ufito unatoka mweupe kabisa.

Kubambua ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Chombo chake kilikuwa vyuma viwili vilivyosimama juu ya kigingi, vimekaribiana mdomoni. Ufito ulipitishwa katikati na kuvutwa, ukageuzwa, ukavutwa tena. Fito maelfu kwa maelfu zilipita hivyo, moja baada ya nyingine, kila masika, na malipo yalikuwa kwa tita. Ukisoma habari za vikapu vya Uingereza utakutana na sifa nyingi za mafundi waliokaa karakanani, na wanastahili, lakini ule weupe unaosifiwa ulitoka katika mikono iliyolowa ya wanawake hawa, na haifai kuwasahau.

Msusi anapozipokea, fito zimekauka, na ufito mkavu huvunjika. Lazima zirudishiwe maji. Za kahawia, kwa sababu gome linazuia, huloweshwa takribani siku moja kwa kila futi ya urefu; zilizobambuliwa zinatosheka kwa saa chache. Kisha zinafungwa katika kitambaa kibichi usiku kucha ili unyevu uingie sawasawa mpaka kiini. Zikipitiliza majini zinakuwa na utelezi na kupoteza rangi.

Fundi wa Kiingereza wa jadi hukaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, na juu ya mapaja ameweka ubao ulioinama. Kikapu kinashikiliwa juu ya ubao kwa msharasi uliopenya kitakoni, ili kizunguke na kazi. Anaanza na kitako: fito nene tatu zinapasuliwa katikati kwa kisu, nyingine tatu zinapitishwa katika mpasuko huo, msalaba unapatikana. Fito nyembamba zinauzunguka msalaba, kisha ncha zake zinatawanywa pande zote na kusukwa kwa mzunguko mpaka kitako kimekuwa duara. Kandokando zinachomekwa fito za kusimama, zinakunjwa kuelekea juu na kufungwa kileleni zisitawanyike. Pale mkunjo unapoanza, fito tatu zinasukwa kwa kupishana ili kuufunga msingi. Halafu ndipo ukuta unapanda, ufito kwa ufito, mbele ya mmoja, nyuma ya mwingine, na kila baada ya mizunguko kadhaa fundi anaushindilia kwa chuma bapa. Mwisho fito za kusimama zenyewe zinalazwa na kusukwa pamoja kuwa ukingo. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna kamba. Kinachoshikilia kikapu ni kule kutaka kwa kila ufito kunyooka tena, na kuzuiwa na jirani yake.

Pamoja na ujanja wote wa karne mbili za viwanda, haijapatikana mashine ya kuichukua kazi hiyo. Mashine zinakata fito, zinachemsha, zinabambua. Kusuka hazijaweza, maana kila ufito ni mnene chini na mwembamba juu, una mgongo na tumbo, unapinda upande mmoja kwa hiari na upande mwingine kwa kulazimishwa, na unaofuata si sawa na huu. Vidole vinahisi tofauti hiyo na kuisahihisha kabla akili haijaitambua. Mwaka 1915 Arthur Pearson, mwenye magazeti aliyepofuka, alianzisha London nyumba ya St Dunstan's kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani, na miongoni mwa ufundi uliofundishwa pale ulikuwa kusuka vikapu. Waliufanya kwa ustadi, wakaishi kwa kazi hiyo.

Mto na kinamasi haviko Somerset peke yake, na kila palipo na mwerebi watu waligundua kukata. Katika Bonde la Carson, magharibi mwa Marekani, wanawake wa Washoe waliyatunza machaka ya mierebi kwa kuyakata ili yatoe fito changa zilizonyooka, na kusuka kwao kulifika mahali ambapo Ulaya haikufika. Anayejulikana zaidi ni Louisa Keyser, aliyeitwa pia Dat So La Le, aliyefariki mwaka 1925. Yeye na wenzake hawakutumia ufito mzima tu. Waliupasua vipande vitatu, ncha moja ikishikwa kwa meno na mbili kwa mikono, mpasuko ukiongozwa taratibu usitoke nje ya mstari. Kila kipande kikatolewa kiini na gome, kikakwanguliwa mpaka kikawa uzi bapa. Kwa uzi huo Louisa alizizungushia fito nyembamba na kujenga vikapu vya duara vyenye mdomo mdogo, vyenye mishono iliyobanana kiasi kwamba ukivitazama kwa mbali utadhani ni vyungu. Kikapu kimoja kikubwa kiliweza kumchukua zaidi ya mwaka. Mfanyabiashara wa Carson City, Abe Cohn, alivinunua na kuviuza, akavitungia hadithi ambazo hazikuwa za Louisa. Vikapu vyenyewe havihitaji hadithi yoyote.

Fito zilisukwa pia kuwa kuta. Nyumba za fremu za mbao za Uingereza na Ujerumani, zile ambazo watalii huzipiga picha, zimejazwa katikati ya nguzo kwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi. Mtu aliyekulia katika nyumba ya kukandika huku kwetu angeuelewa ukuta ule mara moja, na angejua pia mahali utakapoanza kubanduka. Zilisukwa kuwa madema ya kutegea mikunga mitoni. Zilisukwa kuwa matenga ya kuning'inizwa pande mbili za punda katika vijiji vya Ireland, na sinia za kuchujia viazi vilivyochemshwa, ambazo zikiwekwa juu ya chungu ziligeuka meza ya familia. Huko Wales, kwenye mto Teifi, wavuvi walitengeneza mtumbwi mdogo wenye mbavu za mwerebi zilizopasuliwa, ukafunikwa ngozi ya ng'ombe na baadaye turubai lililopakwa lami. Mvuvi huubeba mgongoni akitoka mtoni. Hata gome halikutupwa. Mwaka 1913 katika eneo la Antrea, wakati huo likiwa Finland, ulichimbuliwa wavu wa kuvulia samaki wenye urefu wa karibu mita 30, pamoja na maboya yake ya gome la msonobari na mawe ya kuuzamisha. Nyuzi zake ni za gome la mwerebi, na umri wake ni zaidi ya miaka 10,000. Ni miongoni mwa nyavu za kale kuliko zote zinazojulikana.

Gome hilohilo lina historia nyingine, ya dawa, ambayo inahitaji sura yake. Itoshe kusema kwamba mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone, aliliandikia shirika la wanasayansi la London kwamba unga wa gome la mwerebi umewasaidia wagonjwa wake wa homa. Kutoka kwenye uchunguzi wa gome hilo njia ndefu ya kemia ilifika kwenye aspirini mwaka 1897.

Matumizi yanayonistaajabisha kuliko yote yako Uholanzi. Tunafikiri fito ni kitu cha kubebea mayai. Waholanzi walizitumia kuizuia bahari. Tuta la udongo likikutana na mkondo wa maji, mkondo unachimba mchanga wa chini mpaka tuta linaporomoka lenyewe. Dawa yao ilikuwa godoro la fito. Matita marefu ya mwerebi yalifungwa kwa mraba kama wavu, yakatandikwa tabaka la fito, juu yake wavu mwingine, na kazi hiyo ilifanyika ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Maji yakijaa, godoro lililoweza kufika mita nyingi sana kwa urefu lilielea, likavutwa kwa mashua hadi mahali pake, likapakiwa mawe kutoka pande zote kwa wakati mmoja, likazama likiwa limelala sawasawa. Likishafika chini linajikunja kufuata mashimo na vilima vya sakafu ya bahari, jambo ambalo jiwe au saruji haliwezi, na mchanga unabaki mahali pake. Mbao iliyozama moja kwa moja, isiyopata hewa, hudumu miaka mingi.

Fito za magodoro hayo zilitoka kwenye mashamba ya vinamasi, hasa Biesbosch, kule ambako mafuriko makubwa ya mwaka 1421 yaliacha visiwa na mifereji. Wakataji walikwenda humo wakati wa baridi, wakaishi kwa majuma ndani ya vibanda, wakikata wakati maji yametoka na kusimama yanapoingia. Ilikuwa kazi ngumu ya watu maskini, na juu ya kazi yao nchi nzima ilisimama. Ufundi huo ulisafiri. Mwaka 1873 mhandisi Johannis de Rijke alikwenda Japani kwa mwaliko wa serikali, na yeye na wenzake wakawafundisha Wajapani kuzamisha magodoro ya matawi katika mito yao. Hata baada ya bahari kuivunja Uholanzi usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, na kuua watu 1,836, kazi kubwa ya kujenga upya ulinzi wa pwani ilianza na magodoro ya fito, kabla ya mikeka ya plastiki kuchukua nafasi.

Na upande wa ibada: kule kaskazini ambako mtende hauoti, Jumapili ya Matawi haina makuti. Poland, Ukraine na Urusi waumini hupeleka kanisani vitawi vya mwerebi vyenye vichipukizi vya manyoya ya kijivu, kwa kuwa ndio mti wa kwanza kuamka baada ya baridi. Na Jumatatu ya Pasaka, Wacheki husuka fito mbichi nane au zaidi kuwa mjeledi mdogo, na wavulana hupita nyumba kwa nyumba wakiwachapa wasichana kidogo ili, kama wanavyosema, wapate afya ya mwaka mzima. Ufito uliokatwa wiki iliyopita haufai kwa kazi hiyo. Husuki mjeledi wa fito kavu.

Karne ya ishirini ilianza kwa kuzihitaji fito kuliko wakati wowote. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia makombora ya mizinga yalibebwa ndani ya vikapu vilivyosukwa kwa kipimo chake. Katika Vita vya Pili vikapu vikubwa vya mwerebi vilijazwa risasi, dawa na chakula, vikasukumwa nje ya ndege kwa parachuti. Majeshi yenye viwanda vya chuma yalichagua kikapu kwa sababu ya tabia moja: sanduku la mbao likigonga ardhi hupasuka, kikapu hubonyea na kurudi. Wakati huohuo kulikuwa na vikapu vya mikate, vya nguo chafu, vya samaki, vya makaa, vya njiwa wa mashindano waliosafirishwa kwa treni. Shughuli hizo ziliwalisha watu wa vijiji vizima. Kisha, ndani ya miongo miwili baada ya vita, boksi la karatasi ngumu na kreti la plastiki vikaingia, na karibu vyote hivyo vikaondoka.

Watu husema plastiki ilishinda kwa sababu ni bora. Sikubaliani nao kwa jambo hili. Kreti la plastiki lilishinda kwa sababu halimhitaji mtu anayejua. Mtoto wa fundi alijifunza kwa miaka kadhaa kabla hajalipwa kama fundi, na kiwanda kilichomwaga plastiki katika kalibu hakikungoja miaka hiyo. Mashamba ya mierebi yaling'olewa au yakaachwa, na shamba lililoachwa bila kukatwa miaka mitatu linageuka kichaka ambacho hakina ufito hata mmoja wa kusukia. Fundi na shamba hufa pamoja, kwa kuwa walikuwa wakilishana.

Hawakuisha wote. Ufaransa, kijiji cha Villaines-les-Rochers kina ushirika wa wasusi ulioanzishwa mwaka 1849 na kasisi wa hapo, Chicoine, ili mafundi wauze wenyewe bila madalali, na ungali unafanya kazi. Fayl-Billot ipo shule ya taifa ya ukulima wa mierebi na usukaji tangu mwaka 1905. Poland ina mji wa Rudnik nad Sanem ambako usukaji ulifundishwa shuleni tangu karne ya kumi na tisa na bado unawalisha watu. Huko Stoke St Gregory, Somerset, familia ya Coates iliyoanza biashara hii mwaka 1819 inaendelea kukata fito. Nyingine huchomwa ndani ya mapipa yaliyofungwa ili kupata mkaa wa wachoraji, vijiti vyeusi ambavyo utavikuta katika maduka ya vifaa vya sanaa nchi nyingi. Na soko jipya ambalo Cato asingelidhania ni majeneza. Waingereza wengi sasa huchagua kuzikwa ndani ya jeneza la fito, kwa sababu ni jepesi, huoza udongoni bila kuacha kitu, na wengine husema tu kwamba linaonekana la kibinadamu zaidi kuliko sanduku lenye vishikio vya plastiki vilivyopakwa rangi ya shaba.

Na fito zingali zinatumika angani pia. Abiria wa kwanza wa puto la hewa ya moto, kondoo, bata na jogoo waliorushwa na ndugu Montgolfier mjini Versailles tarehe 19 Septemba 1783, walipaa ndani ya kizimba cha fito na kutua wazima. Tangu hapo vitambaa vya maputo vimebadilika kutoka karatasi na pamba hadi nailoni, moto umebadilika kutoka majani makavu hadi gesi, lakini kikapu kimebaki kikapu. Alan Root, mpiga filamu wa wanyamapori wa Kenya, alivuka juu ya Kilimanjaro kwa puto mwaka 1974, na mwaka 1976 biashara ya kurusha watalii ilianza Maasai Mara, Serengeti ikafuata. Vikapu vinavyopaa kule alfajiri hivi leo, vingine vikiwa na vyumba vya kubeba abiria 16, vinasukwa kwa mkono kwa henzirani na fito za mwerebi. Chini ya sakafu zinapita nyaya za chuma zisizoshika kutu, zinapanda ndani ya kuta mpaka kwenye fremu ya moto, na hizo ndizo zinazobeba uzito. Kazi ya fito ni kutua. Rubani anawaambia abiria wakunje magoti na washike vishikio vya kamba; kikapu kinagusa ardhi, kinadunda, wakati mwingine kinalala ubavu na kuburutwa kwenye nyasi, na mgongano ambao fremu ya alumini ingeupeleka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria unagawanywa kati ya maelfu ya fito, kila mmoja ukisogea kidogo juu ya mwenzake. Baada ya safari kikapu hukaguliwa. Fito zilizovunjika huchomolewa, mpya huloweshwa na kusukwa mahali pake, na puto linaruka tena.